Kompyuta Inayompa Mteja Mgongo

Jumanne, Machakos.

Baridi ya leo ni ile ya kuingia kwa mifupa bila kupiga hodi. Ukungu umekalia milima ya Iveti tangu asubuhi kama mgeni ambaye hajaambiwa chakula kimeisha. Nyonga inaniuma, moyo umetulia, na sauti imenikauka, kwa sababu nimegombana na mwanaume wa tai kuanzia saa nane mpaka karibu saa kumi.

Mimi sikusoma. Naongea na simu, nayo inaandika. Ikiandika upuzi, lawama ni ya simu.

Nianze na aibu, ndiyo ipite haraka.

Binti yangu Mwende ni muuguzi kule Lodwar. Ana mimba ya kwanza, na daktari amesema ni wiki ijayo. Mume wake anaendesha lori, hata yeye mwenyewe hajui wiki ijayo atakuwa Malaba ama Juba. Mwende yuko peke yake. Nikienda kwa barabara, nyonga hii haitafika, itashukia Kitale. Kwa hivyo niliuza mbuzi wawili nikaenda kwa ajenti wa tiketi za ndege, nyuma ya stendi. Anaitwa Kioko. Nikamlipa pesa yote, naye akanipa karatasi yenye picha ya ndege, akasema hiyo ni ya kushikia nafasi tu, tiketi yenyewe itatoka, na Alhamisi saa tisa mchana nitakuwa hewani.

Kwa nini nilimwamini? Kwa sababu ya fremu. Ukutani kwake kuna karatasi ya serikali, iko na muhuri, iko ndani ya kioo. Mimi na miaka yangu yote ya kuuza ndengu na maharagwe sokoni, mtu ambaye hanunui hata kiberiti bila kukitikisa, nililainishwa na kioo.

Tangu hapo, kila nikienda kuulizia tiketi, Kioko ananiambia sistim iko chini. Wiki mbili iko chini. Juzi nikamuuliza imeanguka wapi, twende tuiokote. Hakucheka. Na Mwende akinipigia jioni, nilikuwa namwambia tiketi niko nayo, nimeiweka chini ya godoro. Uongo mtupu. Chini ya godoro kuna godoro lingine.

Sasa leo asubuhi kanjo, wale askari wa kaunti, wamepita sokoni kukagua vibali. Nikatoa changu kwa mkebe. Askari mwenyewe ni Kalondu, mama mnene mwenye roho safi, nilimjua akiwa bado ananyonya. Alipokiinua kwenye mwanga kukiangalia, mimi nikakiangalia pia kutoka chini. Muhuri upande wa kulia. Mstari wa kijani pembeni. Ngao juu. Herufi sizijui, lakini sura ya karatasi naijua kama sura za watu wa kanisani kwetu. Na hii sura nilikuwa nimeiona mahali, ndani ya kioo.

Nikamuuliza Kalondu kama kibali hiki kinaweza kumpeleka mtu Lodwar kwa ndege. Alicheka mpaka kofia ikahama. Kisha akaona sicheki, akakaa kwa gunia langu la maharagwe, akanieleza pole pole. Kibali cha kaunti ni cha kufungua mlango tu. Mtu akitaka kuuza safari, lazima awe na leseni nyingine kutoka serikali kuu, na wenye leseni hiyo wameandikwa kwa orodha. Orodha si siri. Mtu anapiga simu anauliza.

"Mtu gani?" nikasema.

"Mtu yeyote. Hata wewe nyanya, susu wangu."

Kioko ana leseni ya kuuza ndengu.

Jirani yangu wa kibanda ni Halima, muuza shuka, Msomali wa hapa hapa ambaye Kikamba chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Yeye amesoma. Alipiga simu kwa ile ofisi ya serikali yenye orodha. Mwanaume wa huko akatafuta jina la Kioko, akatafuta tena, akatafuta hata kwa wale wa zamani. Hayuko. Halima akakunja shuka zake, mimi nikafunika ndengu, tukaenda.

Kioko alikuwa amekaa na tai yake shingoni vile hukaa siku zote, kompyuta ikimwangalia yeye na kutupa sisi mgongo. Akaanza wimbo wake wa sistim. Nikamkatiza.

"Kioko, mizani yangu inaangalia mteja. Hii yako imekasirikia nini?"

Akasema mambo ya ndege ni ya kitaalamu, mteja hawezi kuelewa. Nikamwambia ageuze, kutoelewa aniachie mwenyewe. Hakugeuza. Basi nikasimama, nikaishika kompyuta kwa masikio yake mawili kama kondoo, nikaigeuza.

Ilikuwa na karata. Wiki mbili za sistim kuwa chini, mtu anacheza karata.

Halima akamwambia kwa upole, ule upole wake ambao hata mume wake huukimbia, afungue mahali jina langu limeandikwa. Akafungua. Halima akasoma: jina lipo, Alhamisi, Nairobi mpaka Lodwar, imewekwa jana, haijalipwa. Isipolipwa kufikia leo saa kumi, nafasi anapewa mtu mwingine. Na ndege hiyo imebaki nafasi mbili.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo.

Ningelia, lakini kulia kungempa Kioko nafasi ya kunifariji. Nikachukua kiti chake cha wateja, nikakiweka mlangoni, nikakaa. Mteja wa kwanza alipofika nikamsalimia vizuri, nikamwambia karibu, hapa tunauza safari na leseni ya maharagwe. Akarudi. Wa pili akarudi. Wa tatu hakurudi, alibaki kuangalia. Saa tisa na nusu Kioko akatoa simu yake, akalipa.

Sikuamini. Wapi! Halima akapigia shirika la ndege lenyewe, akaweka sauti juu. Msichana wa huko akaomba zile herufi sita za kutambulisha tiketi, Halima akazisoma, msichana akasema imelipwa sasa hivi, kiti ni cha dirishani. Kisha akasema jambo lililonikausha damu: ndege si ya saa tisa mchana. Ni ya saa tatu asubuhi. Walibadilisha wiki iliyopita, wakawatumia maajenti wote habari.

Kioko akaangalia kiatu chake.

Ningefika uwanjani na mizigo yangu, ndege ikiwa imeshaenda na kurudi. Na habari hiyo yote imetoka kwa simu ya kawaida, bure, kwa msichana ambaye hata hatujuani. Nikamuuliza na mengine nikiwa hapo. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, unapanda ndege. Ndengu zinapanda. Kuku hapandi, hata akifungwa miguu. Nimeuliza mara mbili.

Tukitoka, Kioko akanishika mkono. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe, niko na watoto."

Nikamwambia nimemsamehe tayari, na kesho asubuhi mimi na Halima tunaenda kumshtaki kwa hiyo ofisi. Hivyo ni vitu viwili. Sijakaa pale kwa ajili yangu tu. Kuna mama mwingine atauza mbuzi. Kisha nikamnunulia chai na mandazi, maana midomo ilikuwa imemkauka, na mtu hashtakiwi akiwa na njaa.

Jioni nimempigia Mwende nikamwambia ukweli wote, na godoro pia. Akaniuliza kama naogopa ndege.

Naogopa. Mimi sijawahi kupanda hata ghorofa ya nne. Lakini yule mtoto atatoka tumboni akute nani? Wauguzi wazuri, glavu, taa nyeupe, na hakuna hata mtu mmoja wa kumtemea mate ya baraka kifuani, vile wazee wetu hufanya. Alhamisi nitafunga macho, nitashika kiti, nitafika. Mate nitaanza kuyaweka kesho.