Mnazi wa Babu Yako Umegemwa Kabla ya Wakati

Timbwani, Likoni,
Mombasa.
9 Machi 1947

Mpendwa mjukuu wangu Thoya,

Salamu nyingi, mume wangu. U mzima huko Nairobi? Kile kifua ulichorudi nacho kutoka vitani kimepoa? Vaa sweta, usijifanye mzungu. Mimi ni mzima, ila magoti. Anayeandika ni jirani yangu Rosalia. Nimemkataza kupamba maneno.

Vile vitumbua vyangu vya kupatia pesa ya chumvi na mafuta ya taa sasa ni biashara kweli. Makuli wanaovuka kwenda bandarini wanapanga foleni asubuhi. Nimemchukua Kaviha, mjane wa mjomba wako, anashika kikaango cha pili. Nimeanza kujenga kibanda karibu na kivuko.

Lakini kuna jambo, nami ndiye niliyelianzisha.

Unajua unga wangu huumuka kwa tembo la mnazi. Wateja walipozidi, tembo la kununua halikutosha. Mnazi wa marehemu babu yako ulisimama bure. Alikufa ukiwa vitani, na mnazi wa marehemu haugemwi mpaka ifanywe hanga, yale matanga ya kumuaga, na kwa hanga tunakungoja wewe. Tsofa mgema alikataa kuupanda. Nikamwambia mnazi hauna masikio. Akapanda, lakini ujira hakupokea.

Tangu siku hiyo unga huumuka hata kabla sijaufunika. Ukiinamia chungu utasikia pumzi: inavuta, inakwama, inashuka. Nimelala kando ya pumzi hiyo miaka arobaini, hakuna wa kunifundisha ni ya nani.

Na makuli, waliokuwa wakitaniana na kutukanana pale, sasa hula kimya. Akimaliza, kila mmoja humtaja mtu wake aliyekufa, kisha hununua tena. Hilo ndilo lililoleta foleni, nami nilikuwa nikijisifu ni mkono wangu.

Jumanne iliyopita, Musyoka, kuli mgeni kutoka Ukambani, hajamaliza siku kumi hapa, akaniuliza kwa adabu, "Mama, huyo mzee nyuma yako, asiye na kidole gumba, mbona humpi? Kila siku ananyoosha mkono."

Sikugeuka. Niliweka kitumbua juu ya jani la mgomba, nikakipitisha nyuma ya mgongo. Kilichukuliwa polepole, kama babu yako alivyokuwa akichukua kila kitu kwa vidole vyake vinne.

Nimemwambia Tsofa auache mnazi. Tangu hapo vitumbua ni vigumu kama kisigino, foleni imekatika, kibanda ni nguzo nne tu. Na iwe. Wateja walioletwa na mfu si wangu. Nitatafuta tembo kwingine nianze upya, niwapate wanaokuja kwa njaa yao. Lakini jani bado ninaliweka, na bado linarudi tupu.

Hana hasira, nadhani. Amechoka kungoja. Njoo kabla ya mvua, Thoya. Bila wewe hanga haifungwi. Umuage babu yako apumzike, nami nijenge kibanda changu na walio hai.

Msalimie mkeo Pascalia na mtoto. Kaviha na shangazi yako Nyamvula wanakusalimu. Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ukinichelewesha,
Kafedha

Rosalia ameinua kalamu, anatazama nyuma ya bega langu. Nimemwambia aandike tu: babu yako naye anakusalimu.