Sifa Saba za Punje

Wodi ya watoto njiti, 3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limetulia na umeacha kupanda ngazi kubadilisha balbu. Mimi naendelea vizuri. Simu haziruhusiwi wodini, kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa gari la dawa.

Mjukuu wako ana siku tano. Alizaliwa na gramu 1,420. Leo mizani imesoma 1,310. Muuguzi mkuu anasema kupungua kidogo mwanzoni ni kawaida, ila akizidi kushuka watamrudisha kwenye mashine ya joto. Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, maana hawezi kujipasha joto. Anapewa maziwa yangu kwa mrija kila baada ya saa mbili. Baba yake yuko kambini wanakojenga barabara, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Umefundisha sayansi miaka thelathini na moja. Mtu mdogo hivi nimwangalie nini?

Binti yako

5 Machi

Mwanangu, marahaba.

Goti linalalamika, lakini balbu inawaka.

Ubaoni niliandika sifa saba za kiumbe hai: kula, kupumua, kutoa taka, kujongea, kuhisi, kukua, kuzaa. Weka alama ya vema kwa kila unayoiona, uniletee majibu. Hiyo ya saba mwache kwanza amalize shule.

Nimeanza kumwita Punje. Kama jina halifai, mama yake ni wewe.

Baba yako

8 Machi

Shikamoo Baba. Za nyumbani?

Punje limefaa. Majibu ndiyo haya. Anakula. Anapumua, mara nyingine anasahau, nikimsugua mgongo anakumbuka. Taka: amemlowanisha muuguzi mkuu, wodi nzima ikashangilia. Anajongea. Anahisi, nikipiga chafya anakunja uso.

Kukua sijaweka vema. Leo ni 1,290. Na maziwa yangu yanapungua. Jana nilichokamua kisingejaza hata kijiko.

Hapa kina mama wanapokezana. Mmoja akienda kuoga au kulala, jirani anambebea. Mimi sijamwachia mtu, siku ya sita sasa. Jirani yangu muuza mboga, tunayemwita Mama Kelele, kanitolea uvivu mbele ya watu: "Wewe, huyo mtoto umemwazima? Mbona unaogopa hata tukimtazama?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Akisahau kupumua kifuani kwa mtu mwingine, nani atajua?

Binti yako

10 Machi

Mwanangu, pokea salamu, na usinune.

Nilipokea majibu yako nikagundua kosa langu. Miaka yote hiyo nilifundisha zile sifa kama vile kila kiumbe anazitimiza peke yake. Punje hali peke yake, joto anaazima, pumzi anakumbushwa, na bado yu hai. Wewe unayemkumbusha pia unatakiwa kula na kulala, vinginevyo maziwa yatatoka wapi?

Mwonyeshe Mama Kelele unavyomsugua mgongo, kisha mpe mtoto saa mbili. Siombi.

Nakuja Jumamosi. Nimepiga simu ofisini kwa muuguzi mkuu. Anasema babu anaruhusiwa kubeba, mradi aoge na avae shati lenye vifungo mbele.

Baba yako

12 Machi

Baba, shikamoo.

Nilimpa. Dakika kumi za kwanza nilisimama mlangoni, mpaka Mama Kelele akaniuliza kama nimeajiriwa ulinzi. Nikaenda kuoga, nikalala kama gogo. Nilipoamka, yeye na watoto wawili kifuani walikuwa wakimsikiliza mke wa fundi saa, mama mwenzetu wodini, akisimulia ugomvi wa mawifi zake. Jioni nilikamua mara tatu ya juzi.

Mizani bado 1,290. Hajapanda, hajashuka. Njoo.

Binti yako

Kitanda namba sita, 16 Machi

Mwanangu,

Muuguzi atakuletea karatasi hii chumba cha mapumziko. Naandika kwa mkono mmoja, usicheke mwandiko.

Punje mzima. Amesahau pumzi mara moja. Kabla sijainua mkono, Mama Kelele alikuwa ameshafika, na mke wa fundi saa nyuma yake. Wanasema kifua changu kina mifupa mingi kuliko samaki, lakini mtoto amelala.

Amepimwa saa nne: gramu 1,345. Niliomba wapime tena. Ni hizo hizo.

Usije kabla ya saa nane. Chakula chako kimefunikwa, na mimi nimekatazwa kukigusa.

Baba yako