Siku Mbili za Watamu

Nyumbani Huruma, Jumanne, Novemba 1979. Mvua tangu alfajiri. Nguo hazijakauka, na mimi sina hamu ya kupika.

Mwezi wa Machi nilipoteza siku mbili kati ya tano za likizo yetu Watamu. Jumatano na Alhamisi. Sijamwambia mtu mpaka leo.

Likizo ile niliingoja miaka tisa. Nilianza kwa kufagia ofisi ileile ambayo leo mimi ni karani wake. Taipureta nilijifunza wenzangu wakienda kula mchana. Mtu wa namna hiyo akipewa siku tano, anazihesabu.

Mume wangu, Baba Kioko, ni mchongaji. Tulipofungua sanduku kule nikakuta suruali zake mbili, na chini yake twiga ishirini na wanne wa mti wamelala kama watoto. Akasema eti anawapitishia tu jamaa zake wa Machakos wanaouza vinyago karibu na lango la hifadhi ya bahari. Kupitisha huko kukala siku mbili.

Nikapanda peke yangu ile mashua yenye kioo sakafuni. Maji yale, jamani. Samaki wa manjano, wa buluu, mmoja ana mdomo kama wa kasuku, anatafuna matumbawe bila haraka. Nikageuka nikasema, "Baba Kioko, ona." Kumbe ni mzungu mzee. Akatabasamu, akaona.

Furaha ilinijia na sikuwa na wa kumgawia. Hilo ndilo lililoniliza.

Lakini niandike yote. Ijumaa alikuja. Mtu wa bara, wa Kangundo, hajui kuogelea; maji yalipomfika magotini akashika suruali kama anavuka mto uliofurika. Mwenye mashua akamtania, "Mzee, achia hiyo suruali, hapa hatuna wezi." Yeye akazidi kuja mpaka maji yakamfika kifuani, akanishika mkono, akaninong'oneza:

"Mama Kioko, usiniachilie. Naogopa vibaya."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kumsikia akisema anaogopa. Tukasimama vile karibu nusu saa, visamaki vikitudonoa miguu, hakuna aliyetaka kutoka.

Ndiyo maana zile siku mbili zinaniuma. Ijumaa ingekuwa mbaya, ningekwisha kusahau.

Sasa orodha ya kujiandikisha kwa Machi ijayo, kwa ile nyumba ya wageni ya ofisi yetu kule Watamu, iko ofisini juu ya meza yangu. Jioni nimemwambia. Amesema tutaona, akarudi kwa patasi yake.

Tutaona si jibu.

Kwa hiyo daftari hili naliacha wazi kando ya sahani yako, Baba Kioko. Usome. Utakuja ukae nami siku zote tano, au niandike jina langu peke yake? Orodha inafungwa Ijumaa saa kumi. Nataka ndiyo au la, kwa mdomo wako, kabla ya hapo.