Nimemfundisha Mume Kiingereza, Sasa Hasemi Lolote

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena uniwahi, kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi ni kimya mpaka jirani ameniuliza kama tulisafiri.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na mume wangu ni fundi wa viyoyozi, mtu wa porojo tangu nimjue, anayeweza kuigiza kiyoyozi kibovu kinavyokohoa mpaka unashika ukuta kwa kicheko, sasa kazini kwao kikatokea cheo cha mkuu wa mafundi na usaili wake ni wa Kiingereza, nami nikasema mwenye mwalimu ndani atashindwaje, nikaanza kumfundisha mwenyewe. Nikamwanzishia vile vitenzi ninavyoviita vya mkia, maana neno ni lile lile "turn", lakini ukilifunga mkia wa "off" umezima, ukilifunga wa "down" umekataa, kisha nikamtia kwenye wakati timilifu wa "have" na "has", nikamwonyesha kwamba "just" hukaa katikati na "yet", yaani bado, husubiri mwisho kama mgeni aliyechelewa, na ili yamkae kichwani nikaweka sheria: sufuria halifunuliwi mpaka atoe sentensi moja yenye vyote, kitenzi na mkia wake, wakati timilifu na kielezi, na akikosea anarudia. Mwanzoni alicheka sana, akaniita Madam, siku moja akasema, "Madam, I have just given up, nipakulie," yaani ndio kwanza kasalimu amri, watoto wakapiga makofi, na sentensi ilikuwa sahihi kabisa.

Basi usaili ukafika, na shemeji yangu, mdogo wake, ameniambia kwamba kaka yake alimsimulia jinsi alivyoulizwa habari za mtambo anaoujua vizuri kabisa, akaanza kujibu, akajisahihisha, akarudi mwanzo, akawa anatafuta "already" ikae wapi mpaka wale wakubwa wakatazamana. Majibu yalipotoka, mimi nakata vitunguu, akasimama mlangoni mwa jiko, mfuko wa vifaa bado uko begani, akasema, "They have turned me down yesterday," yaani wamemkataa, nami nilifurahi, mshauri, nakuambia ukweli, jinsi alivyoufunga ule mkia bila hata kufikiri, nikamsifu, ila nikamwambia ukishataja jana, "have" inaondoka, rudia. Hakurudia. Alisema, "Asante, mwalimu," akaenda kuoga.

Tangu hapo nikimuuliza chakula anasema ndiyo, nikimuuliza chai anasema hapana, jioni anakwenda kukaa na mlinzi wa jengo la pili, na vicheko vyao navisikia kutoka dirishani kwangu nikiwa na rundo la madaftari ya kusahihisha. Sitaficha, nimezikumbuka kelele zake mpaka naumwa. Bosi wake amesema mwezi ujao anaweza kusailiwa tena, lakini amekataa kwenda. Je, nitumie njia gani arudi kwenye masomo? Nimefikiria tuanze upya na wakati uliopita wa kawaida, kwa sababu ndio uliomwangusha.

Mwalimu Mwenye Darasa Tupu

JIBU

Haya, binti yangu, keti. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, tukaangua kicheko kwenye hilo sufuria lisilofunuliwa bila sarufi, tukacheka mpaka tulipofika mlangoni mwa jiko. Hapo mwenzangu aliyekuwa anakunywa chai aliiweka chini, akasema, "Jamani, huyu mama!"

Najua unampenda. Mwanamke asiyempenda mumewe hahangaiki kumfundisha "yet" inakaa wapi wakati madaftari ya watoto wa watu yanamsubiri. Nia yako ilikuwa njema, na mgala muue na haki yake umpe. Lakini hebu nikuulize: yule aliyesimama na mfuko begani alikuja kukuonyesha mkia wa kitenzi, au alikuja kwa mkewe? Mtu amekataliwa kazini, akaibeba habari yake mpaka nyumbani, akaamua akuletee kwa lugha unayoipenda wewe, pengine upate cha kujivunia hata siku aliyoshindwa, nawe ukachomoa kalamu nyekundu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa ulimi wa kuazima. Wewe ulijikwaa wa kwako mwenyewe.

Halafu hiyo "jana" yake ina ubaya gani? Sisi wenyewe tunasema wamenikataa jana, tunaelewana, na chakula kinapakuliwa. Darasani sahihisha, mama, ndiyo kazi uliyosomea. Nyumbani ulitakiwa uiache kalamu mlangoni. Unaniambia kilichomwangusha ni wakati uliopita. Mimi naona alikwama kwa sababu kila alipofungua kinywa mbele ya wale wakubwa alikusikia wewe ukimwambia rudia. Na habari za usaili wa mumeo umezipata kwa shemeji! Hilo halikukushtua?

Sasa nisikilize. Sheria ya sufuria uifute leo, tena watoto wakiwepo, maana walikuwepo ilipotumika. Huo usaili wa pili usiutaje kabisa. Akiutaja mwenyewe, mtafutie mwalimu mwenzako, wapige soga za viyoyozi kwa Kiingereza, na aachwe aseme mpaka mwisho ndipo arekebishwe. Wewe ukimwona anajisomea, pita kama huna habari. Wala usimfuate kwa mlinzi kwenda kumvuta mkono. Aibu aliyonayo inamtosha. Mngoje arudi, mwondolee mfuko begani, umuulize kwa lugha mliyochumbiana nayo ilikuwaje siku ile ya usaili, kisha unyamaze. Akichanganya nyakati, meza mate. Akikaa kimya, kaa naye hapo hapo, usikimbilie madaftari.

Lakini kabla hujamuuliza, kuna jambo ulilisahau. Nimeipekua barua yako kutoka salamu mpaka sahihi. Nimekuta "have", nimekuta "just", nimekuta na sifa ulizompa kwa kufunga mkia vizuri. Neno "pole" nimelitafuta, sikuliona. Mumeo wamemkataa, binti yangu, na hujampa pole bado.