Makaratasi ya Rubeni wa Igamba

Tunduma, 2 Septemba 2013

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa kifua changu kinachogombana na vumbi la malori, na huo ni ugomvi wa kila mwaka. Wewe hujambo? Ulifika salama Dar? Mama yako mdogo anasema ulipokuja Idi ulikuwa umekonda, na lawama zote anawatupia waajiri wako.

Nimekaa kukuandikia hasa nikupongeze. Ile mashine ya skana uliyoniachia haijapumzika tangu uondoke. Kila mzigo ninaougomboa napiga karatasi zake zote: hati ya forodha, orodha ya mzigo, karatasi ya lakiri inayofunga mlango wa kontena, kisha nazipandisha huko kwenye stoo yako. Jana mteja alipiga simu kutoka Lusaka akitaka hati ya wiki iliyopita. Zamani ningepanda juu ya masanduku nikapiga chafya nusu saa. Jana nilibonyeza tu, ikamfikia hata kabla hatujamaliza kusalimiana. Akauliza, "Bwana Aziz, siku hizi una makarani wangapi?" Nikamwambia ninaye mmoja, mtoto wa kaka yangu, na yeye yuko Dar.

Miaka ishirini na miwili nimekuwa wakala hapa mpakani, sijawahi kusifiwa na mtu wa Lusaka. Mungu akuzidishie.

Ila nina swali, na usinicheke. Hizo karatasi ziko wapi? Ndani ya kompyuta nimetafuta, hazimo. Kabati lake ni lipi?

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Dar es Salaam, 15 Septemba 2013

Baba Mdogo, shikamoo.

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, na mwambie Mama Mdogo nimenenepa kilo mbili, aache kuwasema watu wa watu. Wewe kanywe ile dawa ya kifua, usiiangalie tu.

Sikucheki. Swali lako wanaliuliza hata mabosi wangu. Karatasi zako zimekaa kwenye kompyuta za kampuni moja ya nje inayokodisha nafasi. Wanaziweka nakala zaidi ya moja, sehemu mbalimbali, ili hata jengo likiungua wewe usijue. Watu wanapaita mawinguni, lakini ni majengo tu, yana umeme na walinzi kama benki.

Kabati hakuna. Humo hamna droo wala rafu. Kila kitu kinakaa peke yake na jina lake, na jina ndilo linalokileta. Ndiyo maana nakuomba sana mambo mawili. Kwanza, jina liwe namba ya hati ya forodha, kwa sababu haijirudii. Ukiipa karatasi mpya jina la karatasi ya zamani, mpya itakaa pale pale pa ile ya kwanza, na ukifungua utaiona mpya peke yake. Pili, karatasi zenyewe usizitupe kwanza.

Najua umenizidi maarifa ya mpakani kwa mbali, na haya nayasema kwa adabu zote.

Mwanao,
Raudha

*

Tunduma, 5 Februari 2014

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaykum. Mbona kimya? Tangu mwaka mpya sijapata hata mstari. Kama ni kazi, sawa. Kama umenuna, nieleze kosa langu nilikane.

Sisi hatujambo. Mvua imekubali, na wenzetu wa Mbozi wanasema mahindi safari hii yatawashinda kuvuna. Ofisini kwangu mambo ni moto. Mawakala wenzangu wanakuja kuchungulia. Mzee Yusuf, aliyesema nimechezewa na mtoto, juzi kaja na makaratasi yake kwapani anaomba nimpigie. Nilimwambia asubiri foleni, na foleni haikuwepo.

Kuhusu majina, nilijaribu namba zako siku mbili. Mwanangu, dereva akisimama dirishani hasemi namba. Anasema, "Mzee, mimi Rubeni." Kwa hiyo naandika Rubeni wa Igamba, maana yupo pia Rubeni wa Ruanda, wote wa huko huko Mbozi. Yupo Isaka wa lori la bluu, yupo Osea mcheshi. Ninayemtaka namwita kwa jina lake na karatasi zake zinakuja. Ukiniuliza mimi, hii ni heshima.

Na habari kubwa: chumba cha nyuma ni cheupe! Masanduku matatu ya karatasi, mpaka za mwisho wa Januari, nimempa Bi Pili anayeuza karanga stendi, afungie. Sasa Tunduma nzima inatafuna karanga kwenye mihuri ya serikali. Mama yako mdogo ameweka kitanda humo, anasema ni chako ukija.

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Tunduma, 11 Machi 2014

Raudha mwanangu,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri, nimemsihi aifikishe mkononi mwako. Simu yako haipatikani siku ya tatu.

Rubeni wa Igamba amekamatwa Kitwe, huko Zambia. Mwezi Januari alipeleka kontena la vitenge kule. Baada ya hapo alikwenda Kasama mara mbili, Kitwe hakukanyaga. Juzi amekanyaga, tajiri wa ule mzigo akamwitia polisi. Anadai marobota sita yalipungua, na kwamba lakiri iliyokuwa mlangoni haikuwa na namba iliyoandikwa kwenye hati kutoka Dar. Kwa hiyo dereva alivunja njiani, akaiba, akafunga nyingine.

Wallahi hakuvunja. Lakiri ile ilikatwa hapa hapa, kwenye ukaguzi, mbele ya macho yangu, ikafungwa mpya. Karatasi ya ukaguzi iliandikwa na kugongwa muhuri. Nilifungua kompyuta nikacheka kabisa, nikasema kazi imekwisha. Nikaita Rubeni wa Igamba. Ikaja safari ya Kasama ya tarehe ishirini na sita Februari. Nikaita tena, ikaja hiyo hiyo.

Ndipo nikaisoma barua yako ya Septemba. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini.

Nimekwenda kwa Bi Pili. Za Januari alikuwa amezimaliza. Tumefungua vifurushi vyake vyote vya karanga yeye na mimi, watu wanatutazama, hatukupata kitu. Forodha nimeomba nakala, wamenijibu kwa ustaarabu kwamba utaratibu huchukua mwezi. Rubeni anasomewa mashtaka Jumatatu, tarehe kumi na saba.

Mkewe Felista ametoka Igamba. Tangu jana anashinda ofisini, kwenye benchi la wateja. Haniulizi chochote. Leo amefagia ofisi bila kuambiwa, nami nilitamani ardhi inimeze. Anadhani ninayo hiyo karatasi na ninasubiri siku tu. Sijaweza kumwambia kwamba mumewe nimemfutia mwenyewe, kwa ujuaji wangu.

Uliniambia. Mtoto uliniambia kwa adabu na mimi nikaona nakuzidi. Likiisha hili, kwa heri au kwa shari, nafunga ofisi.

Baba yako mdogo,
Aziz

*

Kwa barua pepe
Dar es Salaam, 13 Machi 2014, saa tano asubuhi

Baba Mdogo, shikamoo.

Samahani, salamu nitazimalizia baadaye. Usifunge ofisi. Karatasi ipo. Nimeiambatanisha hapa chini, kaichapishe sasa hivi, kurasa mbili, kisha urudi kusoma.

Nilikuwa Mwanza kikazi tangu Januari na simu yangu iliharibika huko. Nimerudi jana, nikakuta barua yako ya Februari na ya juzi zimelala pamoja. Nimezisoma kwa mpangilio, karanga kwanza. Sikulala.

Nina jambo la kukiri. Siku ile ya Idi nilipokufungulia nafasi yako, niliwasha kitu kimoja sikukueleza. Ukipandisha karatasi kwa jina lililokwisha kutumika, ya zamani haifutwi. Inasogezwa nyuma na inabaki huko na tarehe yake. Wewe unaona ya juu tu, lakini zote zipo. Rubeni wa Igamba yuko mara tisa. Kitwe ni ya saba.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Niliona nikisema "Baba Mdogo, nimekuwekea kinga endapo utakosea," utaona nimekuvunjia heshima nyumbani kwako. Nikanyamaza, nikajiona nina busara. Kumbe kunyamaza kwangu kumekuweka siku nne motoni, na Felista pia. Nisamehe.

Sasa nikuambie nilichokiona. Mbele ya karatasi muhuri umefifia, namba ya lakiri mpya inasomeka nusu. Ingekuwa hiyo tu, sijui. Lakini wewe uligeuza karatasi ukapiga na nyuma yake. Sikukufundisha hilo. Nimefungua zote tisa, zote umezigeuza. Na nyuma kuna mwandiko wako: "Lakiri imekatwa saa nne asubuhi mbele yangu na ya mkaguzi. Marobota yamehesabiwa, yako kamili. Mpya imefungwa." Halafu namba yote, tarakimu kwa tarakimu, jina la mkaguzi, sahihi yake na sahihi yako. Na chini kabisa, "Dereva ana homa, amekunywa uji."

Mimi nafanya kazi hii mwaka wa sita sasa, Baba Mdogo. Nimeona kampuni zenye ghorofa kumi na mbili zisizojua nani aligusa mzigo wao. Karani kama wewe sijamwona. Nilikaa mbele ya ule mwandiko nikaona fahari kwamba nimezaliwa kwenu.

Nenda Kitwe.

Mwanao,
Raudha

*

Tunduma, 24 Machi 2014

Mwanangu Raudha,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi wazima, na safari hii nasema wazima kwa kinywa kipana. Kifua kimetulia chenyewe, nadhani kilipata hofu.

Kitwe nilifika Jumapili. Jumatatu asubuhi nilimpa ofisa wa polisi kurasa zako mbili. Akasoma mbele, akakunja uso. Akageuza. Nikaona kidole chake kinafuata namba moja moja, na pembeni ameshika lakiri yenyewe. Alipofika mwisho akaniuliza ule uji ulikuwa wa nini. Nikamwambia wa ulezi. Akasema, "Ee mukwai," ndiyo bwana kwa Kibemba, akapiga simu kwa mkaguzi wetu hapa Tunduma, naye akakiri sahihi yake. Tajiri wa mzigo aliitwa. Watu wa ghala lake mwenyewe wakahojiwa, wakakubali kwamba ni wao waliotoa marobota sita, baada ya kontena kufunguliwa. Saa tisa Rubeni alitoka, amekonda, viatu mkononi.

Ndani ya basi nilimweleza yote, sikuficha karanga. Alitazama dirishani mpaka tukapita mji wa Mpika. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mzee, siku zote hizo nilikuwa nimekaliwa na mimi mwenyewe?" Akacheka. Mimi ndipo nilipopata kulia, mtu mzima, mbele ya abiria Wabemba watupu.

Felista naye nilimweleza. Huyo hakucheka. Akasema, "Baba, ungeniambia tungetafuta wote." Neno hilo bado linanichoma.

Ofisi sifungi. Nimeanza kutumia namba zako, na jina la dereva naliandika mwishoni, nivumilie hapo. Ila nawe nisikilize. Usinilinde tena kwa nyuma. Ukiona nitakosea, niambie usoni. Nitanuna siku mbili, mama yako mdogo atanisema, ya tatu nitafanya ulivyosema. Kuliko kunistahi, afadhali uniudhi. Wewe ndiye mkubwa wangu katika jambo hili, na sioni aibu kuliandika.

Barua hii sikuipa basi. Aliyekukabidhi, anayesubiri hapo mlangoni kwako na mfuko wa kahawa ya shambani kwake, ndiye Rubeni. Ana aibu ya wageni, hatajitaja. Mkaribishe ndani, ameendesha siku mbili.

Baba yako mdogo,
Aziz