Chombo Kirudi Kilikotoka Kwanza

Cardiff, tarehe tatu Machi. Mwaka wa sitini tangu niondoke Msambweni.

Mpendwa Shangazi Mwanakombo,

Shikamoo. Najua barua hii haitakufikia, kwa kuwa umelala makaburini miaka mingi sasa, Mungu akurehemu. Naiandika hata hivyo, na nimeiacha wazi ili wengine wakujue, kwa sababu wiki hii nimeshinda jambo, na nusu ya ushindi ni wako.

Unaikumbuka kazi iliyonileta huku? Nilikuandikia zamani kwamba naiandikia kompyuta maagizo ya kukokotoa kupwa na kujaa kwa maji. Ukanijibu kwa mkono wa mwanao Hamisi: "Maji yanajua saa zake. Hao waliokuita hawana kazi?"

Maagizo yale niliyaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Fortran, ambayo wakati wetu ilikuwa ya kila mtu. Vijana wa leo wanaandika kwa Python, na lugha hizi mbili hazisikizani. Kwa hiyo nilipostaafu nilitunga maktaba. Si ya vitabu; ni mkusanyiko wa programu ndogondogo unaopokea ombi kutoka Python, ukalipeleka kwa Fortran, kisha ukarudisha jibu. Bandari kadhaa zinaitumia.

Lakini maktaba ilikuwa na ugonjwa. Fortran ikitaka kuandika jibu, huomba nafasi katika kumbukumbu ya mashine. Jibu likishavuka kwenda Python, haikujulikana nani airudishe nafasi ile. Mara nyingine haikurudishwa kabisa, mashine ikajaa hadi ikazimika. Mara nyingine ilirudishwa mara mbili, programu ikaanguka. Vijana ninaoitunza nao walichoka. Mmoja wao, Tomos, akaniambia mbele ya wenzake, "Mzee, tuizike kwa heshima. Tuandike kila kitu upya."

Miaka kumi na minane ya kazi, Shangazi. Nilirudi nyumbani nikakaa na koti langu mwilini. Hapo ndipo nilipokuona, umekaa mlangoni na vyombo vya watu.

Ulikuwa mwaka ule wa uhuru. Msambweni nzima ilikuwa inapika, nawe ndiwe uliyekabidhiwa vyombo vya kuazima: masufuria, masinia, mabakuli, kila kimoja na alama ya nyumba yake chini, doa la rangi au mikwaruzo ya msumari. Nilikuwa nimemaliza shule na najiona msomi, ukanipa kazi ya kuvirudisha. Wakaja wanawake wawili wa Mwabungo wakitaka sufuria kubwa ya Bi Riziki kwa hitima ya kesho yake. Nikaona ni upuuzi kuipeleka kwa mwenyewe ili iombwe tena jioni ileile. Nikawapa.

Waliisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka doa likatoka, kisha wakairudisha nyumba siyo. Bi Riziki akaja barazani kwako.

"Mwanakombo, sufuria yangu imeolewa wapi?"

"Muulize msomi wangu," ukamwambia.

Siku mbili nilipita mlango kwa mlango nikipindua masufuria ya watu. "Mkaguzi huyo," wanawake walisema. "Hodi baba, na chungu changu usikiache, huenda kina mume." Nilipoipata, nikajitwika kichwani nikavuka nayo mtaa mzima huku wakinipigia vigelegele. Bi Riziki aliipokea, akaichungulia ndani, akasema, "Alhamdulillahi. Bibi arusi karudi kwao."

Hukunikaripia. Ulisema maneno machache tu: "Chombo kirudi kilikotoka kwanza, ndipo kiombwe tena. Na anayekirudisha ni aliyekiomba, si aliyekula ndani yake."

Nikavua koti, nikaandika mipango ya kuiboresha maktaba, kurasa tatu. Kila nafasi ya kumbukumbu itabeba alama ya lugha iliyoiomba, na lugha hiyo peke yake ndiyo itakayoirudisha. Python itaruhusiwa kulisoma jibu, au kulimimina katika chombo chake yenyewe, lakini si kulipitisha mbele kwa programu nyingine. Tena Fortran ikikwama, isiizime mashine kimyakimya kama ilivyozoea. Ilete habari ya kosa lake, kama wewe ulivyodai kuambiwa siku hiyohiyo sinia likivunjika. Kazi kubwa itakuja baadaye, kuzipitia programu zote za zamani moja moja na kuzitia alama. Hiyo ni ya miaka.

Hapa lazima nikuambie jambo. Hamisi amenijengea chumba nyumbani kwake Mwabungo, kimepakwa chokaa, dirisha linatazama mihogo. Nilimwahidi kwamba mipango ikikataliwa, nitafunga kazi na kuja kukaa naye. Hamisi akacheka kwenye simu. "Basi ndugu yangu, mimi naomba wakukatae."

Jumatatu tuliijaribu, kwa programu chache tulizokwisha kuzitia alama. Tuliiacha maktaba ikokotoe maji ya mwaka mzima, tena na tena, siku tatu bila kupumzika. Kumbukumbu iliyotumika haikuongezeka hata chembe. Kila kilichoombwa kilirudishwa, mara moja, na aliyekiomba. Tomos alikodolea kioo macho, kisha akanigeukia. "Nilisema tuizike. Basi nimekuja kuifukua." Wote wakaipitisha mipango, wakaniomba niiongoze kazi yenyewe, nami nikakubali kabla hawajamaliza kusema. Nilitembea hadi nyumbani, mzee wa miaka themanini, nikiimba.

Nimempigia Hamisi nikamweleza. Alinipongeza, halafu akauliza kama chumba akipangishe. Nikamwambia akipangishe. Kazi ni ndefu kuliko umri niliobakiza, na ndiyo niliyoichagua.

Sitarudi.

Mwana wa kaka yako