Mkunjo Mmoja wa Kiwiko

Jumatatu, 24 Novemba 2025
Kiwiko cha kulia basi tena. Daktari wa mjini anasema usaha umekauka lakini kiungo umeshakila, tangu nilipovunjika na yule mkandaji wa kijiji cha Mgori akanifunga vijiti. Kiungo cha bandia? Hakihimili jembe. Kilichobaki ni kuunganisha mifupa kwa bamba la chuma na skrubu, iwe mfupa mmoja. Maumivu yataisha. Ila mkono hautakunjwa wala kukunjuliwa tena — nichague mkunjo mmoja, wa maisha. Ukikunjwa sana unafika mdomoni. Ukinyooka unashika jembe. Vyote viwili, hapana. Ati nichague! Jibu Jumanne ijayo.

Jumatano, 26 Novemba
Daktari alishauri tujaribu nyumbani. Wifi yangu Magreth kanifunga mkono kwa boksi na kanga, umekunjwa. Nimekula mwenyewe, nimefunga kilemba mwenyewe. Shambani, jembe halifiki chini mpaka nipige magoti. Mume wangu Festo alisimama akiangalia. Akasema mvua iko njiani na alizeti haijipandi.

Ijumaa, 28 Novemba
Leo umenyooshwa. Mistari miwili nimelima, meno nimeyauma. Festo kafurahi kama kapata ng'ombe.
Jioni nikakaa kula na mama mkwe na Magreth. Mkono haufiki mdomoni. Nikamega ugali kwa kushoto, kwenye sinia la wote. Mama akachukua bakuli, akanitilia ugali na mlenda, akaniwekea pembeni na kijiko. Tangu niolewe sijawahi kutengewa chakula. Nimelia mbele yao.

Jumapili, 30 Novemba
Kanisani sikwenda. Magreth anasema chagua mdomo, wifi. Atakayenilimia ni yeye. Hajalisema hilo, na mimi sijalisema.

Jumanne, 2 Desemba
Wodini. Nilishaamua — mdomo. Njia nzima nilikuwa najisemea moyoni.
Daktari kaushika mkono, kaukunja polepole, kaniuliza: hapa, au hapa?
Festo akawahi. "Wa jembe, daktari."
Daktari akanitazama mimi, akasubiri. Nikaangalia sakafu. Mwoga mimi! Akasema ataona mgonjwa wa pili kisha arudi.
Nesi ameacha fomu kitandani. Sehemu ya mkunjo iko wazi. Festo ameisoma mara mbili. Sasa ananiomba kalamu hii